Keram inagoma: straika inafia njiani, inapinda, kete haiendi ulikolenga. Tafuta kosa kwa mpangilio huu

Wadau wa keram, ule mchezo wa ubao ambao unasukuma kisahani kiitwacho straika kwa kidole ili kete ziingie kwenye mashimo ya pembe, hasa sisi tunaocheza hapa Tanga ambako hewa yenyewe imebeba chumvi na maji, haya maswali yanarudi barazani kila mwaka, masika ikishaingia tu mtu anakwambia ubao wangu una mkosi, juzi ulikuwa unateleza kama sabuni leo straika haifiki hata upande wa pili. Mkosi wa nini, ubao umeshika unyevu tu na juu yake umemwagiwa unga wa kutelezeshea kopo zima. Nimepanga shida kwa jinsi watu wanavyozilalamikia, na chini ya kila moja nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi nikashuka hadi ile ya nadra. Usiruke hatua, maana nimeona watu wanampelekea fundi ubao mzima wakati dawa ilikuwa kitambaa kikavu.

Vifaa: kipande cha shuka kuukuu la pamba, tochi ya simu, pima maji ya fundi (azima kwa seremala wa mtaani kwenu) na rula ndefu ya chuma, huna rula basi uzi uliovutwa ukakaza unatosha.

STRAIKA INAFIA KATIKATI, KETE ZINAKWAMA

Sababu ya kwanza ni unga mwingi, na hii watu hawapendi kuisikia. Ubao ukiwa mzito mtu anaongeza unga, ukizidi kuwa mzito anaongeza tena, mwisho mbele ya kila kete kuna kilima kidogo cheupe inachokisukuma. Kazi ya unga ni punje chache zikae kati ya kete na ubao ili vile vitu viwili visigusane uso kwa uso, zikishakuwa tabaka zinasagana zenyewe kwa zenyewe na mwendo unaishia humo. Kuna ule mchezo wa barafuni uliotoka Uskochi, unaitwa curling, unaoonyeshwa kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, wanasukuma jiwe la graniti la kama kilo 19, nao wana mambo hayahaya: barafu yao hawaiachi bapa, wanainyunyizia matone ya maji yanaganda kuwa vipele vidogo vidogo, na jiwe chini limechongwa mbonyeo, linagusa barafu kwa pete nyembamba tu inayozunguka huo mbonyeo. Kugusana kidogo ndo siri ya kuteleza, kule na huku.

Kwa hiyo futa ubao wote ukiwa mkavu, anzia katikati ukienda kwenye mashimo, pembe zote, halafu weka unga wa kukamata kwa vidole vitatu tu, utandaze kwa kile kitambaa (usitumie kiganja, kina jasho) na upige straika tupu mara tano sita kwenda na kurudi. Kama sasa inakwenda, umemaliza, kacheze.

Haijakaa sawa? Geuza kete. Chukua moja tu uiweke chini ya tochi, pale chini utaona utando mweupe umeganda kama ukoko wa wali kwenye sufuria, sanasana kwenye ule ukingo wa duara, ukipitisha kucha unatoka vipande vipande. Huo ni unga uliochanganyika na jasho la vidole na maji ya hewani ukakauka humohumo, na kete yenye ukoko haitelezi kwenye uso wake, inakwaruza. Kete za plastiki osha kwa maji na sabuni, kausha kabisa kabisa kabla hazijarudi ubaoni. Za mbao maji marufuku, zifute kwa kitambaa kikavu na ukucha, ukoko ukigoma tandika msasa laini sana juu ya kioo, zungusha kete mara mbili tatu basi, kwa sababu kete yenyewe ni gramu 5 hadi 5 na nusu, ukiila kwa msasa utaipunguza uzito na itakuwa inakimbia kuliko wenzake.

Ya tatu ni unyevu wa ubao wenyewe. Kipimo chake ni hiki: futa unga kwa kitambaa cheusi halafu uangalie kilichotoka. Ukitoka kama vumbi, ubao mkavu. Ukitoka umejikunja kama vijiti vidogo, kama taka zinazotoka mwilini ukijisugua hujaoga siku mbili, ubao umelowa. Hapo usiongeze kitu, fungua feni ipepee juu yake saa nzima, au washa taa iliyo juu ya ubao mapema kabla ya mchezo. Na hapa kuna jambo nimeligundua kwa kuishi nalo: zamani juu ya keram kulikuwa na balbu ya wati 60 au 100, ya ule waya unaowaka mwekundu, ilikuwa inatoa mwanga na joto, joto lile lilikuwa linakausha ubao bila mtu kujua, sasa tumeweka taa za LED, bili imeshuka na mwanga ni mzuri lakini ubao umekosa mkaushaji wake. Sisemi mrudishe balbu za zamani, nasema feni ifanye kazi ambayo balbu ilikuwa inaifanya.

Unga nao hunywa maji. Kopo lifungwe, na ule ujanja wa kutia punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi unafaa huku pia, tia mchele kwenye kifuko cha kitambaa ndani ya kopo, ila huo mchele ukishamaliza kazi ni wa kutupa, asije mtu akaupika, mwisho nitaeleza kwa nini. Unga wa ngano na wa sembe sitaki kuusikia, unanata, unaita sisimizi. Poda ya mtoto isome kwanza pembeni ya kopo, zile zilizotengenezwa kwa wanga wa mahindi hulowa haraka kwenye hewa yetu.

Ya mwisho, vanishi imekwisha. Zima taa ya chumbani, laza tochi ya simu ubaoni kabisa mwanga upite kwa ubavu, ukiona manyoya ya mbao yamesimama pale katikati ambako kete hupangwa, basi hakuna unga utakaosaidia. HAPA SIMAMA. Usichukue msasa mwenyewe. Plaiwudi ya juu ni ngozi nyembamba tu, chini yake kuna gundi na mbao ya mkato mwingine, ukiitoboa ubao umekufa na mistari yote imekwenda. Mpe seremala anayejua kupaka vanishi fenicha, mwambie unataka uso laini usio na mawimbi na aache ukauke siku kadhaa kabla hujaucheza.

Na tafadhali ubao uliolowa usiutoe juani. Niliona ubao mzuri pale Makorora umeanikwa uani saa sita mchana, uso juu, kufika alasiri pembe mbili zimeinuka, upande wa juu umekauka ukajikunja na wa chini bado una maji yake, haukurudi tena ulivyokuwa.

STRAIKA INAPINDA NJIA

Umepiga wima, inakwenda robo tatu ya ubao sawasawa halafu mwisho inaelea kushoto. Watu wa kwanza kulaumiwa ni kidole na mzunguko wake. Mimi kidole nakiweka mwisho.

Fanya jaribio moja kabla ya kugusa chochote. Piga straika polepole kutoka upande wako, kumbuka imepinda kuelekea wapi, tuseme kuelekea dirishani. Sasa zungusha ubao robo duara, wewe usihame, stuli isihame, piga tena. Bado inaelekea dirishani? Kosa ni la stuli au sakafu, weka pima maji juu ya ubao, kunja karatasi gumu uweke kama kabari chini ya mguu mmoja, shida imekwisha. Imegeuka pamoja na ubao? Kosa ni la ubao, endelea kusoma. Inapinda kila safari upande tofauti? Kosa ni straika au vumbi. Jaribio hili ni dakika mbili na linakuokolea wiki nzima ya kubishana.

Stuli ndo inaongoza, baraza zetu nyingi zimesakafiwa na mteremko ili maji ya mvua yatoke nje, kwa hiyo ukiweka ubao barazani bila kupima umeshauweka mlimani.

Ya pili vumbi na mchanga. Punje moja ya mchanga, na sisi wa Raskazone na Sahare tunaubeba mpaka kwenye pindo la kikoi, ikiingia chini ya straika inakuwa kama mguu mmoja unaoburuta, straika inazunguka kwenye ile punje na kuacha njia. Kule kwenye barafu ni vilevile, unywele mmoja ukinaswa chini ya jiwe la kilo 19 unalitoa njiani kabisa, ndo maana kabla ya kulisukuma wanaligeuza na kulifuta tako. Na sisi tufanye hivyo, futa tako la straika kila mwanzo wa bodi, yaani kila raundi mpya, ni adabu ya mchezo.

Ya tatu, straika yenyewe haiko bapa. Iweke juu ya kioo cha dirisha au kioo cha simu, gusa ukingo kwa ncha ya kidole uzungukie duara lote, ikicheza hata kidogo achana nayo. Straika iliyomeguka pembeni nayo ni hivyohivyo, haitengenezeki, nunua nyingine, na ukinunua pima, isizidi gramu 15 na kipenyo sentimita 4.13.

Ya nne ubao umepinda. Simamisha rula ya chuma kwa ubavu ubaoni, pembe kwa pembe halafu pembe nyingine, chungulia chini yake ukiwa na tochi upande wa pili. Mwanga ukipita katikati, ubao umekuwa sinia. Kwa huku kwetu sinia ndo kawaida kuliko kilima, na sababu yake iko mgongoni: mafundi wanapaka vanishi juu, chini wanaacha mbao tupu, mbao tupu inakunywa unyevu, inatanuka, na upande wa chini ukitanuka wa juu unabonyea. Ubao mpya ukinunua siku ileile mpelekee fundi apake mgongo pia. Ulioshabonyea kidogo, mgeuze mgongo juu ndani ya nyumba panapopita hewa siku tatu nne, kisha upime tena, mwingine hurudi. Mpindo wa zaidi ya unene wa sarafu ya shilingi haurudi kwa kuombea, unahitaji mikanda mipya ya mbao kavu chini, na hiyo ni kazi ya seremala, usijaribu kuunyoosha kwa mawe mazito juu, utapasua gundi za fremu. Mikanda ikiwa ya mtiki wa Longuza kule Muheza nafurahi zaidi, mtiki haupindipindi.

Sasa kidole. Straika ikitoka kwenye kidole pembeni inazunguka, ni kweli, lakini straika ni fupi, haina kimo, kwa hiyo mzunguko unaipindisha kidogo sana. Gilasi ya maji ukiisukuma mezani huku inazunguka kuelekea mkono wa saa, inapinda kushoto. Lile jiwe la barafuni likizungushwa hivyohivyo linapinda kulia, na wanasayansi mpaka leo wanabishana kwa nini. Sisi tuko upande wa gilasi, tena gilasi iliyokatwa ikabaki tako. Mzunguko wako utauona ikigonga fremu, hapo ndipo inaporudi kwa pembe usiyoitegemea.

KETE HAIENDI ULIKOLENGA

Hii ndo tamu. Straika imekwenda njia yake sawa, imegusa kete, kete imekwenda pengine.

Mara nyingi mguso wenyewe ndio haukuwa pale ulipodhani. Kete inaondoka kwa mstari unaounganisha kitovu cha straika na kitovu cha kete wakati zinagusana, haiangalii straika ilikuwa inatoka wapi. Kwa hiyo usilenge kete, lenga mahali straika itakapokuwa imesimama wakati wa kugusa. Babu mmoja wa Ngamiani, barabara za huku juu, alikuwa anamfundisha mjukuu wake, anachukua straika ya pili anailaza taratibu nyuma ya kete, inaigusa kwenye mstari wa shimo, anasema, "Haya mjukuu wangu, nyumba ndo hiyo, mlete mgeni wako aingie humu." Anaiondoa, mtoto anapiga. Mtoto alikuwa anakosa, halafu akaanza kupata, na alichokuwa anakiangalia ni pale patupu palipokuwa na straika, kete hakuiangalia tena. Jaribu hivyo kwa nusu saa peke yako.

Ukiwa na uhakika na mguso na bado kete inakwenda nene, yaani inaelekea zaidi kule straika ilikokuwa inaenda, angalia ubavu. Wakati wa kugusana kwa pembeni ule ubavu wa straika unaikokota kete kidogo, ubavu ukiwa na utando wa jasho na unga unaikokota zaidi. Futa ubavu wa straika na wa kete zote, kete 19 ni dakika tano tu mkiwa wawili. Hutaki kusimamisha mchezo, basi lenga nyembamba kidogo kuliko kawaida, yaani straika iiguse kete pembeni zaidi, lakini huko ni kuishi na ugonjwa.

Kete mbili zilizogusana zina sheria yake. Ya mbele itakwenda kwa mstari wa vitovu vya hizo mbili, karibu bila kujali ya nyuma umeipiga wapi, hivyo kabla hujapiga soma huo mstari unaangalia shimo au unaangalia fremu. Nimesema karibu, maana ya nyuma ikipigwa kwa pembeni inaikokota ya mbele kwa ule ubavu tuliousema. Na ziinamie uhakikishe zimegusana kweli, pengo la unene wa karatasi linabadilisha kila kitu.

Mwisho kabisa ni seti ya kuchanganya, kete tatu za huyu mbili za yule. Zipange mstari kwenye kioo uone upana, kete halali ni kipenyo cha sentimita 3.02 hadi 3.18, iliyo kubwa kuliko wenzake inagusana mapema na inaharibu hesabu yako ya pembe.

STRAIKA INAIFUATA KETE SHIMONI

Malalamiko ya wanaoanza karibu wote. Straika ya gramu 15 ikiipiga kete ya gramu 5 uso kwa uso haisimami, hesabu ya kugongana inasema inabaki na karibu nusu ya mwendo wake inaendelea mbele, na shimo ni sentimita 4.45 straika ni 4.13, inaingia vizuri tu. Kwa hiyo siyo bahati mbaya. Kete iliyo mdomoni mwa shimo usiipige uso kwa uso kwa nguvu, ipige pembeni kidogo straika ikatoke upande, au polepole mpaka straika ifie hapo. Kununua straika nyepesi kunasaidia kiasi lakini utakuwa huna nguvu ya kuvunja, yaani kuzitawanya kete mwanzo wa mchezo.

INARUDI VIBAYA KUTOKA KWENYE FREMU

Kwanza safisha ile pembe ya chini fremu inapokutana na ubao, unga hujaa pale ukawa kama simenti, tumia kijiti cha meno. Pili gonga fremu kwa kifundo cha kidole kuizunguka yote, panapolia bovu kama debe tupu skrubu imelegea, geuza ubao uikaze kwa bisibisi ya mkono, taratibu. Fremu iliyoachana na ubao kabisa ni ya seremala, aitoe, asafishe gundi ya zamani, airudishe kwa kubana. Misumari hapana, msumari unapasua na kutu ya pwani itaula. Ubao wenye afya ukipiga straika kwa nguvu zote itakwenda na kurudi safari tatu na nusu, hicho ndo kipimo changu baada ya kila matengenezo.

KETE ZINARUKA NJE

Kidole kimeingia chini ya straika, au straika imemeguka ukingo na inapanda juu ya kete. Ya straika iliyomeguka tumeshaisema. Kama kidole kimevimba kwenye kiungo na bado kinauma baada ya siku mbili tatu za kupumzika, kaone daktari, kupigia kidole kingine huku kile kinaoza siyo ushujaa.

PA KUTOGUSA MWENYEWE

Taa ya juu ya ubao: waya uliochubuka, holda inayotoa cheche, au kava la bati linalokupiga shoti, zima kwenye mita uite fundi umeme. Vidole vya wacheza keram vina jasho na kichwa kiko karibu na ile taa muda wote.

Na unga wa boriki, yaani asidi ya boriki. Huu ndo unaoteleza vizuri kuliko wote na ndo maana wakubwa wanautumia, lakini ndo huohuo unaoua mende, na ndo maana ule mchele wa ndani ya kopo haupikwi. Usiutie kwenye kopo la maziwa wala la sukari hata kama ni safi, uandikwe, ukae juu asikofika mtoto. Usiukaushe kwenye kikaango cha nyumbani. Kahawa na kashata ziliwe mbali na ubao, na mikono ioshwe kwanza. Mwenye pumu asikae pale unga unapopulizwa, bora usipulizwe kabisa. Ukiingia jichoni osha kwa maji safi mengi, jicho likiendelea kuwasha nenda hospitali. Mtoto akiulamba au akiumeza usimtapishe, usimpe maziwa kwa kubahatisha wala usisubiri uone, mbebe mpaka hospitali na kopo lenyewe mkononi ili daktari aone ni nini.